Mkono wa Pasta

Jumatano

Ati nimeukataa mkono wa Mungu! Ndivyo alivyosema mama mkwe, na hajanisemesha tena tangu tutoke wodini.

Kidonda cha mume wangu, Baba Brian, kilikataa kupona, kikaoza mpaka madaktari wakatoa mfupa wa kichwa. Sasa chini ya bandeji panadunda kama utosi wa mtoto mchanga. Kesho watatoa nyama ya mgongoni wapafunike. Mfupa wa bandia utafuata, ikiwa nyama itashika. Ikikataa…

Leo pasta alikuja na mama mkwe kumwombea. Akainua mkono auweke palepale. Niliudaka.

"Pasta, hapo hakuna mfupa!"

Aliomba akiwa mbali, harakaharaka.

Walipotangulia nje, nilimpanguza mume wangu uso. Nilidhani atanishukuru.

"Ungemwacha," alisema. "Ungemwacha tu abonyeze."