Da-in na Mtungi Wangu wa Soya

Mal-sun rafiki yangu, acha unachofanya usome hapa. Nimemkamata! Nimemkamata mjukuu wangu Da-in uani, ameinamia mtungi wangu wa mchuzi wa soya, anauvuta kwa bomba la sindano na kuutia kwenye kichupa.

Si nilikwambia? Mtoto anasomea historia chuoni, ghafla anaongeza na kemia pembeni. Ya nini? Nikajua tu, kuna kiwanda kimemtuma aniibie mapishi.

Nikamwambia, "Mwizi wee! Nani kakutuma?"

"Hakuna, Bibi. Nakwenda kupima chumvi tu, maabara ya chuo."

"Chumvi naipima kwa ulimi wangu tangu baba yako hajazaliwa!"

Mwenzangu, akakiweka kichupa chini. Kisha akasema polepole, "Bibi, mchuzi wa mwaka huu umezidi chumvi mno. Nadhani ulimi wako hauisikii tena. Twende kwa daktari."

Nimeonja sasa hivi. Nimeonja tena. Kwangu mimi uko sawasawa kabisa.

Sasa niambie ukweli, Mal-sun. Juzi ulikunywa supu yangu niliyoitia mchuzi huu, ukaisifu weee, halafu ukamaliza birika zima la maji.

Ulijua?