Manjano Usoni mwa Bibi

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Anayeandika ni fundi cherehani, anayesema ni mimi. Dawa yako ya Ayurveda, hiyo tiba ya Kihindi, ya manjano na mwarobaini, imeutuliza mkono ulioniwasha miaka saba. Una akili, mtoto wewe! Ila sijui kusoma maelekezo. Badala ya nusu saa, nikajipaka hadi usoni, nikalala nayo, nikaenda sokoni njano tupu. Huyuhuyu fundi akauliza, "Bibi, umeiva lini?"

"Tangu baba yako akinyonya!"

Watu wa sokoni walicheka mpaka wakachoka.

Wewe unajificha mwaka wa pili kwa sababu krimu ya kujichubua ilikuunguza uso. Unaponya ngozi za wenzako. Yako ilete ilivyo. Njoo upesi kabla rangi haijanitoka, watucheke sote wawili.

Bibi yako wa njano