Njia ya Mgongo

Wheaton, Marekani, 2 Februari

Dada Nkatha,

Dunstan amekufa. Ulishaambiwa na pasta kwa simu. Mimi nilishindwa, nikampa yeye simu. Sasa nakuambia mwenyewe.

Pole dada. Mguu wako unaendeleaje? Wa nyumbani wote wazima? Mimi niko mzima, mwili tu. Barua hii nimempa Isack, rafiki ya Dunstan. Ndiye anamleta nyumbani. Mimi siwezi kuja, unajua mambo ya karatasi zangu. Nikitoka hapa sirudi.

Mtoto wako alinitunza. Tangu mke wangu Waringa afariki, kila Jumapili alitoka kwake Riverdale Park na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe kama ya nyumbani. Haikuwa na chumvi. Alisema wazee anaowatunza kazini hawaruhusiwi chumvi, basi na mimi nizoee mapema.

Huko kazini alipata marafiki, Isack na Queen. Wakaanza kupanda milima wikendi, midogo midogo ya karibu. Halafu Januari wakataka mkubwa, wa kaskazini, safari ya masaa kumi kwa gari. Theluji ya magotini.

Walikuja kwangu na ramani, wakaitandika mezani. Njia ni mbili. Moja inapita msituni, ndefu, inazunguka. Ingine inapanda na mgongo wa mlima, fupi, hakuna mti. Queen alitaka ya msitu. Alisema baridi ya huku, upepo wa mgongoni unaangusha mtu. Dunstan pia alikuwa anaelekea huko. Halafu akanigeukia. Akawaambia wenzake mimi nimebebea wazungu mizigo Mlima Kenya miaka minne, mpaka juu kabisa. Akaniuliza mimi ningepita wapi.

Nikasema mgongo. Nikasema msituni ni matope, na wingu likija hulioni. Queen akabisha. Nikamwambia mlima sikuusomea kwa simu. Wakacheka. Dunstan akakunja ramani.

"Anko amesema mgongo," akasema. "Imeisha."

Isack amenieleza. Walipotoka kwa miti upepo ukawapiga. Yeye na Queen wakataka kurudi. Dunstan akawaambia waende kidogo tu, Anko anajua. Akatangulia. Theluji ilikuwa imegeuka barafu. Akateleza, akaenda chini, hawakumwona tena. Alipatikana siku ya pili.

Sasa kanisani wanasema kijana alikuwa mkaidi. Wanasema asiyesikia la mkuu. Nasikia hata wewe umeambiwa hivyo. Dada, yeye alisikia la mkuu. Mkuu ni mimi.

Na wewe unajua mimi sijawahi kupanda mlima. Ni wewe ulikuwa unaniletea chakula pale geti ya Chogoria, chini ya mlima, nikiosha sufuria za wabeba mizigo. Hiyo geti sikuvuka hata siku moja. Maneno ya matope na wingu niliyasikia wakinywa chai. Na ni maneno ya mlima wetu, si ya huu. Wa kwanza niliyemdanganya alikuwa Waringa, nilitaka anipende. Halafu kwa mjengo, kazini kwangu, wakaanza kuniita Mlima, nikaitika. Dunstan alisikia kwa Waringa, akaamini. Kukuuliza wewe hakukuuliza.

Ningeweza kusema pale mezani. Queen alikuwa ananiangalia. Niliona haya mbele ya watoto.

Isack na Queen wanajua nani alichagua njia. Hawajaambia mtu. Isack bado ananiita Anko, na hilo ndilo siwezi kubeba. Nimemwambia yaliyo ndani ya barua hii. Ukikubali, aisome siku ya mazishi, mbele ya wote, kabla hawajamfunika. Usikubali mtu aseme mtoto alikuwa mkaidi.

Ukinikataa sitalalamika. Salamu kwa wote wa boma, wale watakaozipokea.

Sufuria yake imebaki hapa kwangu. Nimeiosha.

Kesho narudi kazini.

Ndugu yako mdogo,
Festus