Mstari Niliosimama Kuluba

Mjukuu wangu Ayikoru,

Hapa Mvara tu wazima, na mama yako ameanza kupanda karanga. Unauliza kama kweli chama cha kiliberali kinafundisha vijana kudharau wazazi. Hata mimi nimewahi kuitwa mkosa adabu.

Nikiwa msichana Kuluba, tulipiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Baba alisimama nyuma ya kaka yake, aliyekuwa anagombea. Mimi nikaenda kwa mpinzani, ukoo mzima ukitazama. Jioni niliogopa kwenda kula. Baba akaniita, "Kura iko yako. Sahani iko yetu. Kuja."

Ninavyoelewa, waliberali wanataka hivyo tu: mtu achague bila woga, na anayempinga abaki ndugu yake. Baba hakulijua neno hilo. Alinisogezea bakuli la mboga.

Bibi yako, bado mkaidi