Taa zako za juu ya kabine

Baba Sandrine,

Sombe iko ndani ya sufuria, pasha moto. Pikapu usiiguse.

Asubuhi kulikuwa ukungu, nikawasha zile taa ulizofunga juu ya kabine. Waya ikayeyuka, moshi ukatokea chini ya miguu ya mama yangu! Nimeangalia: fizible, ile ya kukata umeme waya ikizidiwa, iliungua zamani, na wewe uliizungushia karatasi ya kung'aa ya sigara ili taa ziwake tu. Hiyo njo kazi ya mwanaume muzima? Inanitapisha.

~~Tutarudi kesho.~~ Tutarudi matanga ikiisha. Tunaenda kwa hayo matanga kule kijijini Tunda na pikipiki.

Mama aliruka inje, magoti yamechubuka. Anasema wakati wa vita alikimbia watu wa bunduki. Hakujua kama siku moja atamukimbia mukwe wake.

Mama Sandrine