Kilipu Iliyobaki Kwenye Sinia

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana mkobani mwangu nina kitu kidogo kuliko ukucha na kimewagombanisha baba yangu na mume wangu, na hakuna anayejua kwamba ninacho ila mimi, na sasa wewe.

Mume wangu ni daktari wa mifugo, anazunguka mashambani kwa pikipiki ya magurudumu manne, kuukuu, injini yake ni ya ile aina inayotaka petroli ichanganywe na oili. Mwezi uliopita ikaanza kukosa nguvu, kilima kidogo tu inahema, mwisho ikazima kabisa, na baba yangu, ambaye amekuwa fundi miaka arobaini na sasa amestaafu, akasema iletwe kwake. Akatoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaniambia nivute kamba ya kuwashia, nikavuta, akatikisa kichwa: "Haina pumzi hii. Ringi zimekwisha." Mimi ndiye msaidizi wake tangu nikiwa msichana, nikashinda naye siku mbili, tukaweka pistoni mpya, ringi mpya, pini mpya na kilipu zake mbili, vile vijiwaya vya duara vinavyokaa huku na huku kuzuia pini isichomoke, na baba alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu afunge gereji, anaimba, anamtania mama kwamba leo amepata kazi ya maana kuliko kumenya viazi.

Basi alipokaza nati ya mwisho akafuta mikono, akaniuliza, "Mama, sinia tupu?" Zamani alikuwa akiiangalia mwenyewe, lakini siku hiyo aliniuliza mimi, nami nikainua kitambaa kwenye sinia ya spea nikaona kilipu moja, mpya, inang'aa. Ilipaswa kuwa ndani ya injini! Lakini mume wangu ameshapanda, mama ametoka na chai, majirani wapo ukutani wanashangilia, nikajiambia labda pakiti ilikuja na tatu, nikaifumba mkononi nikasema, "Tupu, baba." Injini ikawaka kwa mvuto wa kwanza.

Siku ya tatu, mume wangu akiwa katikati ya mashamba, ikatoa mlio wa chuma kwa chuma, ikakwama, akarudi kwa miguu na sanduku lake la chanjo begani. Baba hakuifungua hata kidogo, akasema mbele ya watu, "Huyu mkwe wangu ametia petroli kavu, hakuchanganya oili." Mume wangu, mtu ambaye oili anaipima kwa bomba la sindano la kuchomea ndama, akamwambia, "Mzee, nimekuheshimu miaka yote hii, leo umenivua nguo." Ni wiki ya tatu hawasalimiani, mume wangu hataki kukanyaga kwa wazazi wangu, mama akinipigia simu anaishia kulia, na juzi nikajifungia stoo, pikipiki ilikolazwa, nikaifungua injini peke yangu: ndani imelowa oili vizuri tu, na kwenye ukuta wa silinda kuna mfereji mmoja mnyoofu, upande mmoja, pale pini ilipochomoka ikawa inachimba. Upande wa pili kilipu iko mahali pake.

Nikisema ukweli nitamuua baba, maana ufundi ndio jina lake, nikinyamaza nampoteza mume wangu, na tena kuna jirani amempelekea baba pikipiki amtengenezee breki, amekubali, na mimi nimemwona kwa macho yangu akipapasa meza kutafuta spana iliyokuwa mbele ya pua yake. Nimefikiria niitupe kilipu chooni yaishe. Nifanyeje?

Mimi, Mwenye Kilipu Mkobani

MSHAURI ANAJIBU

Binti, weka mkoba chini na usitupe kitu chooni. Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili na mara ya pili nimelazimika kuvua miwani.

Lakini ngoja nikugombeze kwanza, kisha tuendelee. Wiki tatu nzima unamwangalia mumeo akiitwa mzembe, mtu anayepima oili kwa sindano ya ndama, jamani! Na ushahidi umekaa mkobani pamoja na leso na funguo. Hapo ulikosea, na hukukosea kidogo.

Sasa turudi kwa mzee. Unasema ukimwambia utamuua. Hebu rudia ulichoandika mwenyewe. Fundi wa miaka arobaini, ambaye siku zote sinia anaiangalia kwa macho yake, siku ile alikuuliza wewe. Unadhani alikuwa anapiga soga? Alikuwa hayaamini tena macho yake, binti, na kusema "sioni" mbele ya mkwe na majirani kulimshinda. Aliazima macho yako. Na wewe ukamwambia tupu. Huwezi kumficha jambo ambalo yeye ndiye wa kwanza kulijua. Na ninavyofikiri mimi, ndiyo maana alikimbilia habari ya petroli kavu kabla hata ya kufungua nati moja. Aliogopa atakachokikuta.

Anza na mumeo, leo, kabla hamjakaa kula. Mwonyeshe kilipu, mwambie ulipoikuta na ulichosema. Atakasirika, ana haki. Mwache akasirike, usijitetee na hadithi ya pakiti yenye tatu.

Pikipiki ya jirani isitoke pale kwenu. Breki si jambo la kuoneana haya. Mwambie jirani asubiri, hata kama itabidi ukae juu ya tairi lake.

Kisha chukua ile silinda uende kwa baba yako, ninyi wawili tu, mama awapishe kidogo. Usihutubie. Mshike kidole ukiweke kwenye ule mfereji. Macho yamechoka lakini kidole kile bado ni cha fundi, atausoma mwenyewe na atajua kwamba oili haihusiki. Hapo ndipo umwekee kilipu kiganjani na useme: "Baba, hii ilibaki. Niliiona, nikakudanganya." Anza na kosa lako, lake atalitaja mwenyewe. Yeye alikosea kwa macho, wewe ulikosea kwa mdomo. Akilia, lia naye.

Wiki hiyohiyo mpeleke kwa daktari wa macho. Huenda ni mtoto wa jicho tu, anaondolewa na mzee anarudi kusoma namba za spana. Huenda ni jambo kubwa zaidi. Vyovyote iwavyo, lijulikane.

Kwa mkwewe, yaani mumeo, mzee atasema samahani mbele ya masikio yaleyale yaliyosikia tusi. Hilo msimwonee huruma. Mumeo naye akishaombwa radhi, aipokee na asimsimange mzee.

Na injini mtaijenga upya, watatu. Mimi injini naijua kwa kupandia tu, lakini nimempigia fundi ninayemwamini akaniambia hivi: silinda ichongwe au ibadilishwe, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake zioshwe mpaka chembe ya mwisho, maana unga wa chuma umeshaingia humo, na kilipu zote mbili ziwe mpya. Mumeo aoshe. Wewe uweke kilipu. Baba yako apitishe kidole kuhakikisha zimekaa kwenye vijia vyake, na neno lake ndilo la mwisho kabla ya silinda kushuka.

Kabla hamjavuta ile kamba, atauliza tena, namfahamu kupitia barua yako. Atasema, "Mama, sinia tupu?" Usimjibu. Itazame mpaka chini ya kitambaa, halafu mwekee sinia mikononi aipapase mwenyewe.