Ng'ombe wa Chuma Anatazama Lango

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimechoka, lakini ng'ombe amefika! Mzee Placidius, mhunzi wa Mabira, kamleta kwa pikapu. Kamfunika majani ya migomba, kakaa naye huko nyuma njia nzima. Chuma kitupu, pembe ndefu kuliko mikono yangu. Ukoo wa mzee umemfua miezi saba. Watu wa stendi wamejaa hapa bustani ya mji, atakaposimama – mmoja anauliza kama anatoa maziwa. Mzee akampaka samli kwa kiganja, taratibu. Uzinduzi Jumamosi. Leo nilijisikia afisa utamaduni kweli, si mwandika barua.

Jumatano, 16 Julai

Balaa. Fundi Ashrafu alishamwaga zege wiki iliyopita, bolti nne zinasubiri miguu. Mzee kazitazama, kazunguka mara mbili, kagoma. Kichwa kitaelekea langoni! Kwao ng'ombe anayetazama nje ni ng'ombe anayetoka: wa mahari, wa kuuzwa au wa kuibiwa. Wa nyumbani hutazama ndani. "Mmetuweka mnadani," kasema. Na kumgeuza haiwezekani, bolti zinakubali upande mmoja tu. Dawa ni kuvunja zege.

Akamwakia Ashrafu. Mtu wa mjini, asiyejua hata zizi lina mlango! Ashrafu kainamisha kichwa, kajibu tu: samahani mzee.

Mchoro niliuchora mimi. Sahihi yangu ipo chini. Miezi saba nilimuuliza mzee urefu, uzito, kutu – anatazama wapi, sikuuliza. Na babu yangu kule Muleba alikuwa na ng'ombe! Nikanyamaza. Mtu mzima mimi, nikanyamaza.

Alhamisi, 17 Julai

Bosi, Bwana Projestus, kasema hakuna kuvunja. Ng'ombe asimame kesho. Mgeni rasmi apigwe picha na makalio ya ng'ombe? Nikacheka. Kumbe hatanii. Mzee kapiga simu: kama ni hivyo, anakuja kumchukua.

Nimemwomba Ashrafu radhi. Kasema, "Dada Renatha, mimi nikiitwa mjinga nafunga kazi naenda nyumbani. Wewe ndiye una kiti cha kulinda." Bora angenitukana.

Ijumaa, 18 Julai

Saa tisa alasiri. Naandika nimekaa juu ya zege lenyewe.

Pikapu ya Mabira iko langoni. Mzee na wapwa zake walikuja, wakaanza kumfunga ng'ombe kamba, na yale majani ya migomba tena. Ashrafu kamwamkia shikamoo. Mzee hakuitikia. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasema: mzee, kosa si la huyu, ni langu, mchoro ni wangu. Wapwa wakaacha kamba. Akauliza nimejua tangu lini. Tangu juzi, nikasema. Aibu gani hii, jamani!

Hakusema amenisamehe. Kauliza tu, sasa nani atavunja? Kisha kaenda kukaa nyuma ya pikapu, ananitazama.

Ashrafu kaleta nyundo kubwa, kaiweka miguuni pangu. Yeye atavunja mpaka kuche, lakini pigo la kwanza liwe langu, ili kesho asisemwe yeye. Nimepiga moja. Vumbi kidogo, basi.

Simu inaita. Bosi, mara ya tatu sasa. Mzee hajafungua kamba. Gari nalo halijawashwa.